ULIZA UJIBIWE: Hiyo suti ya mabawa ni utamu au ni kaburi?

SWALI: Kaka mambo vipi. Mi nina miaka 24 na nishakuwa mlevi wa video za hawa jamaa wanaovaa suti kama popo afu wanapita milimani karibu waguse miti. Natamani kujaribu ila mama kasema siku nikivaa hiyo kitu nisimwite mama tena. Je anatia chumvi? Na mtu anaanzia wapi?
– Mdogo wako, Mwenye Hamu

JIBU: Poa sana mdogo wangu. Mama hatii chumvi, ila nahisi mnaongelea michezo miwili tofauti. Kuna kuruka kutoka kwenye ndege na kuna kuruka kutoka kwenye mwamba. Ukitoka kwenye ndege, tuseme futi 13,000, mgongoni una parachuti mbili, kubwa ikigoma unaiachia unafungua ya akiba, na hakuna mlima wa kukugonga. Mrukaji wa kawaida anaporomoka kama dakika moja tu, wewe mwenye mabawa unakaa huko dakika mbili hata tatu, kila mita moja unayoshuka unasonga mbele mita mbili na nusu hivi, na kugeuka ni kushusha bega kidogo tu, yaani mwili ndo usukani. Raha yake hiyo siwezi kukuficha.

Kwenye mwamba unabeba parachuti moja tu, maana hata ungekuwa na ya akiba muda wa kuifungua hupati. Na hizo video zako nyingi ni za huko, Lauterbrunnen Uswisi au Chamonix Ufaransa. Watu wanadhani spidi ndo inaua, mi naona mara nyingi ni kinyume chake. Anayeshuka kwa kasi akiona mti mbele anaitumia ile kasi kujinyanyua anatoka, ila anayevuta suti mpaka mwisho wa uwezo wake ili tu apite juu ya ukingo hana kilichobaki, upepo wa kushuka ukimkandamiza kidogo basi imeisha. Na wanaokufa sio wanafunzi tu. Dean Potter alifia Yosemite, Marekani, mwezi wa tano 2015, na Uli Emanuele, yule aliyepita katikati ya tundu la mwamba, akafa 2016. Magwiji hao.

Kuhusu kuanza, chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinataka uwe umeruka kawaida angalau mara 200 kwanza, na usione kama wanakubania. Ukitoka mlangoni unafunga mabawa, ukiyafungua mapema unaweza kunyanyuka ukapigwa na mkia wa ndege. Wakati wa kufungua parachuti unayakunja, mkono unapapasa nyuma kiunoni kutafuta kile kiparachuti kidogo kinachoivuta parachuti kubwa itoke, na mwili ukikaa upande kamba zinajisokota, afu hapo bado kuna zipu za mikono za kufungua ndo ufikie vizuri kamba za kuongozea. Ukianza kuzunguka hovyo, jikunyate mabawa yote yafungwe. Haya yote kichwa kiwe kimetulia, na kichwa kutulia hakununuliwi dukani.

SWALI: Si kuna kikompyuta kinafungua parachuti chenyewe hata ukizimia? Woga wa nini sasa?
– Mpenda Teknolojia

JIBU: Kipo, na kimeokoa wengi. Ila kile cha kawaida kinasubiri kione unaporomoka kwa kasi kubwa ukiwa chini sana, na suti ya mabawa kazi yake ni kupunguza hiyohiyo kasi ya kuporomoka, kwa hiyo unaweza kwenda nacho mpaka ardhini kimenyamaza tu. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya suti, uliza kabla ya kununua. Hata hivyo kinafungua ya akiba, kwa hiyo wa mwambani wewe sahau.

SWALI: Ni kweli kuna mtu alishatua bila kufungua parachuti kabisa?
– Msomaji wa siku zote

JIBU: Kweli kabisa, Gary Connery, mwigizaji wa matukio ya hatari kule Uingereza. Mwezi wa tano 2012 alitoka kwenye helikopta akatua juu ya lundo la maboksi ya karatasi zaidi ya 18,000 na akainuka mzima. Usinitumie picha ya maboksi yako tafadhali.