Amani ya anayeteswa huandaliwa mapema

Mhariri, swali la wiki hii linauliza Mkristo afanyeje asipoteze imani wala amani ya moyo anapoteswa kwa ajili ya dini yake. Wengi hujibu, "Asali, avumilie." Ni kweli, ila jibu hilo linamwacha mtu peke yake saa ambayo hofu imemkaba koo. Wakristo wa Japani walikaa zaidi ya miaka 200 bila padre hata mmoja, na yale waliyoyafanya yanaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Amri ya mwaka 1614 ilipiga marufuku Ukristo na kuwafukuza wamisionari. Padre wa mwisho aliyebaki mafichoni, Mancio Konishi, aliuawa mwaka 1644. Huko Urakami, karibu na Nagasaki, waumini waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda: ndiye aliyejua Kwaresima inaanza lini, Pasaka inaangukia siku gani na lini watu wasishike jembe. Wengine walikuwa wabatizaji, na wengine walipita nyumba hadi nyumba kuarifu sikukuu na sala. Nasisitiza mgawanyo huu kwa sababu mtesaji huanza na kiongozi. Mahali ambapo mafundisho, funguo na fedha za kanisa viko kwa mchungaji mmoja, waumini hutawanyika siku anapokamatwa.

Kwa hiyo, pale hali inapoanza kuwa mbaya, jumuiya zigawanywe ziwe za watu 6 hadi 8. Kila moja iwe na watu wawili wanaoweza kuongoza sala. Katika makanisa yanayomruhusu mlei, yaani muumini asiye padre, kubatiza wakati wa dharura, wawili wajue pia kubatiza: maji yatiririke kichwani huku maneno yakitamkwa, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alifanya hivyo hivyo Munyonyo, katika ufalme wa Buganda, usiku kabla ya kuhukumiwa, Mei 1886. Aliwabatiza wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini ambao hawajabatizwa, akiwemo kijana Kizito. Hakuanza kujifunza usiku ule. Mapadre walikuwa wameondoka Buganda tangu Novemba 1882 wakarudi Julai 1885, na katikati hapo walei ndio waliofundishana. Hata Namugongo, mahali walipouawa, wakiwa wamefungwa wakisubiri kuchomwa moto Juni 3, walisali pamoja asubuhi na jioni. Sala walikuwa nazo kichwani.

Hapo ndipo pa kuweka nguvu. Biblia inaweza kuchukuliwa, simu ikapekuliwa. Shika kwa moyo Baba Yetu, Kanuni ya Imani, Zaburi ya 23, 27, 91 na 121, na sala ya kutubu. Zaburi moja kwa wiki mbili inatosha. Uisome kwa sauti mbele ya mwenzako mwenye kitabu, akusahihishe, kisha umweleze maana yake kwa maneno yako. Usiruke sehemu ya maana. Katika visiwa fulani vya Japani sala za Kilatini na Kireno zilirithishwa kwa masikio tu, vizazi kwa vizazi, hadi wasemaji hawakujua tena wanachosema, na baadhi ya vikundi havikurudi kanisani hata mapadre walipokuja.

Kuhusu utulivu wenyewe, tusiudharau mwili. Eliya alipokimbia akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena (1 Wafalme 19). Mtu asiyelala siku tatu huona kwamba Mungu amemwacha, kumbe ni uchovu. Wekeni zamu za kukesha ili wengine walale usingizi kamili. Walio gerezani wakijua watoto wao wanakula, nusu ya mzigo imeshuka, hivyo jumuiya ipange mapema nani atapeleka unga kwa nyumba ipi.

Chuki nayo hula amani polepole kuliko hofu. Kumwombea adui kwa jumla ni rahisi na hakubadilishi kitu. Mtaje kwa jina, umwombee jambo moja mahususi, kila siku, hata kama moyo umekataa. Hisia zitafuata nyuma, au zitachelewa, usizingoje.

Wala mateso hayatafutwi. Yesu mwenyewe alisema wakiwaudhi katika mji huu, kimbilieni mwingine (Mathayo 10:23), na Paulo alitumia uraia wake na kukata rufaa kwa Kaisari. Kuhama, kuita wakili, kuandika tarehe, mahali na mashahidi wa kila tukio si uhaba wa imani. Kurusha mitandaoni picha za ibada ya siri kwa ajili ya kuonekana jasiri kumewaponza wengine.

Linasahaulika zaidi suala la aliyeanguka, yaani aliyeikana imani kwa kushindwa na mateso. Nagasaki watu walilazimishwa kila mwaka kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Bikira Maria, kama ishara ya kuikana imani, na wengi walikanyaga. Hawakuachwa wakate tamaa. Walikuwa na maandishi madogo ya mwaka 1603, yaliyonakiliwa kwa mkono, yanayofundisha majuto kamili: kulitambua kosa, kulijutia kwa sababu ya kumpenda Mungu, kukusudia kutolirudia, na kuazimia kuungama mara padre atakapopatikana. Machi 17, 1865, wazao wao walimwendea Padre Bernard Petitjean, mmisionari Mfaransa, katika kanisa la Oura, Nagasaki, wakamwambia kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Baadaye zaidi ya 3,000 kati yao walihamishwa kwa nguvu na zaidi ya 600 walifia uhamishoni, kabla marufuku haijaondolewa mwaka 1873. Kwa hiyo wazee wa kanisa wakubaliane mapema aliyekana chini ya kipigo atapokelewaje: nani atakwenda kwake, wiki ileile, na chakula mkononi, kabla hajaanza kujificha mbali na ndugu zake.