The Sims 4 imekuchosha? Usinunue nyongeza, punguza pesa

Mkuu, umesema uko Tabora, unacheza The Sims 4 (gemu ya kuendesha maisha ya familia ya kubuni) kwenye laptopu, familia yako ina ghorofa na bwawa, kila mtu kazini kafika daraja la 10, na siku hizi ukifungua gemu unaitazama tu kisha unazima. Unauliza ununue nyongeza gani, yaani vifurushi vya ziada vya gemu. Kwa sasa usinunue hata moja. Ukiiweka juu ya familia tajiri, siku tatu utakuwa umenunua vyote vilivyomo na utarudi hapa kuulizia nyingine.

Kinachochosha ni pesa. Mhusika mmoja huanza na simoleoni (pesa za humo) 20,000. Ukiandika chiti (neno la siri la kukwepa kanuni za gemu) ya motherlode unaongezewa 50,000 kwa mpigo. Toka hapo bustani, uvuvi na uchoraji vinabaki mapambo, maana havikuletei unachokosa.

Anza upya. Tengeneza kijana mmoja, tabia zake tatu ziache kete ya kwenye gemu ichague, umhamishie kwenye kiwanja kitupu pale Newcrest. Akishafika, bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, andika money 1800, kisha Enter. Hiyo ndiyo chiti ya mwisho kuigusa. Wachezaji wa zamani wanauita mchezo huu Legacy: vizazi 10 kwenye kiwanja kilekile, na mrithi ni mmoja kila kizazi. Kanuni ya urithi iandike kabla mtoto hajazaliwa (mzaliwa wa kwanza, wa mwisho, vyovyote), la sivyo utamchagua mwenye sura nzuri na mchezo umekufa.

Ile 1,800 wengi wanaimalizia kwenye kuta. Kosa. Kama huna nyongeza ya Seasons mvua hainyeshi, kwa hiyo kitanda kinaweza kukaa nje. Nunua kitanda, choo na friji ya bei ya chini. Jiko liache: jiko la bei rahisi na mpishi asiyejua kitu ni moto, na moto utakula hata hicho kitanda. Kuoga aende gym ya Oasis Springs, bure. Pesa za mwanzo zitoke kwenye kuchimba mawe, kukamata vyura na kuvua samaki.

Umri uwe wa kawaida, usiweke mrefu. Kwa mwendo wa kwanza dakika moja ya Sim (mhusika wa humo) ni kama sekunde moja yako, hivyo siku yao nzima ni dakika 24 hivi. Ukirefusha umri hakuna linalokuharakisha, na mtoto akifeli shule unajua kesho ipo.

Sasa bustani, ambayo watu wengi wanaipita tu. Wewe wa Tabora kubebesha miembe hakuhitaji maelezo, na humu ni kazi ileile: unakata kikonyo cha mmea mmoja unakibebesha kwenye mwingine. Mpaka ujuzi wa bustani ufike 5 ndipo chaguo hilo linatokea. Lengo liwe Ua la Mauti, maana mmoja akifa, Sim mwingine mwenye ua hilo mfukoni anaweza kumpa mtoa roho ili amwache mtu wako. Bebesha tufaa kwenye cheri upate komamanga. Pembeni, bebesha snapdragon kwenye yungiyungi upate okidi. Komamanga na okidi hizo zipande kila moja peke yake, zikikua bebesha moja kwenye nyingine. Watu wanakwama hapa: mmea uliobebeshwa unaendelea kuzaa matunda yake ya zamani pamoja na jipya, wanavuna na kuuza yote kwa mkupuo, na komamanga linaondoka humohumo. Vuna, fungua mfuko, tenga la mbegu, ndipo uuze. Wenye Seasons wajue pia kwamba mmea wa nje ukiwa nje ya msimu wake unalala, hauzai.

Ukichoka na watu, jenga. Mfano upo jirani, lile tembe la Kwihara, nyumba ya zamani ya paa bapa. Vyumba vipange pande tatu, paa usiweke kabisa, juu tandika sakafu. Upande wa nne funga kwa uzio, si ukuta. Ukiweka ukuta gemu inahesabu ua kuwa chumba na kuufunika juu. Ujenge kwenye kiwanja kisichokaliwa na mtu, ukiingilia kwenye ramani ya kusimamia dunia, hapo hukatwi pesa.

Modi zako (mafaili ya wachezaji wengine yanayobadilisha gemu), gemu ikisasishwa, huzimwa zenyewe. Ziwashe kwenye mipangilio halafu ufunge gemu na kuifungua tena. Zile za skripti zisikae ndani zaidi ya folda moja chini ya Mods, hazitasomwa. Kitu kikigoma, toa nusu ya modi ujaribu, kisha nusu ya nusu, mpaka mbaya ajulikane.

Na umeme ukikatika na betri imechoka, usilie. Sevu mwenyewe kila asubuhi ya Sim, na faili likiharibika ingia Documents, Electronic Arts, The Sims 4, saves. Kila faili lina nakala zake za nyuma, kuanzia .ver0 hadi .ver4. Lililoharibika lihamishe pengine, nakili Slot_00000002.save.ver0 (namba yako inaweza kuwa tofauti), futa hiyo .ver0 mwishoni mwa jina la nakala, ufungue gemu. Ikikataa, jaribu .ver1.