MUULIZE FUNDI: Maji yanakuja kwa fujo, fleksibo zinapasuka usiku

Swali: Habari za kazi fundi. Sisi tupo Pasua, Moshi. Maji tunashukuru Mungu hayakatiki ila yanakuja kwa fujo mno, ukifungua koki ya jikoni yanakurukia mpaka kifuani, choo kikijaa kinapiga mluzi nyumba nzima inasikia, na fleksibo ya chini ya sinki (ule mpira wa kuunganisha bomba na koki) imeshapasuka mara mbili na zote ni usiku tumelala, tunaamka sebule ni bwawa, kapeti imelowa, gunia la unga limelowa. Fundi aliyetufungia akaja akasema tufunge nusu ile geti valvu (koki ya kuzungusha) ya pale kwenye mita ndo presha itapungua, tukafunga, na mchana kweli maji yakapungua, lakini haikupita muda fleksibo ya chooni nayo ikaachia, usiku tena. Hizi fleksibo ni feki au shida ni nini? *Mama mwenye nyumba, Pasua*

Jibu: Pole sana mama, maji ndani ya nyumba usiku yanatia hasara mtu asikwambie. Fleksibo nitazifikia, ila kwanza tuelewane kwenye hiyo geti valvu maana huo ushauri naukuta karibu kila nyumba yenye shida kama yako na ndo unaofanya watu waendelee kuzoa maji. Kufunga geti valvu nusu hakupunguzi presha, kunapunguza wingi wa maji yanayopita, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mchana ukifungua koki maji yanatembea, yakifika pale kwenye geti valvu yanabanwa, kwaiyo kwenye sinki unaona yametulia na unajua mambo yamekaa sawa. Sasa subiri usiku, koki zote zimefungwa, maji yamesimama hayaendi popote, yale ya upande wa mita yanaendelea kusukuma taratibu kupitia ule upenyo uliobaki mpaka presha inalingana pande zote mbili, yaani fleksibo yako inabeba presha ile ile ya barabarani kama vile geti valvu haipo. Na usiku ndo presha ya barabarani inapanda zaidi kwa sababu mtaa mzima umelala na hakuna anayechota. Ndo maana zinapasuka saa hizo.

Presha yenyewe inatoka wapi? Mama huu mji wetu ni mteremko mtupu, kuanzia hospitali ya KCMC ukishuka mjini mpaka huko kwenu Pasua unashuka tu, na maji yanatoka juu upande wa mlima yanakuja kwa uzito wake yenyewe. Hesabu ni rahisi, kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu bar 1 (bar ndo kipimo cha presha), kwaiyo tanki likiwa mita 70 juu ya nyumba yako maji yakisimama una kama bar 7 kwenye koki, labda kama kuna mahali pa kuvunja presha njiani. Nyumba ya kawaida inataka bar 2 mpaka 4, ikipita 5 inabidi ipunguzwe. Arusha ni hivyo hivyo, wa Njiro chini huko hawezi kulingana na wa Ilboru kule juu.

Ila usikubali mtu akuuzie kitu chochote kabla ya kupima. Tafuta presha geji (saa ya kupimia presha) yenye nati ya nusu inchi, maduka ya vifaa vya maji wanayo na fundi anayejiheshimu anatembea nayo, unaifunga kwenye koki ya nje ya bustani, hakikisha koki zote za ndani zimefungwa na tenki la choo limeshajaa, afu unafungua hiyo ya bustani unasoma. Soma jioni, halafu kama una moyo amka saa 8 usiku usome tena, hiyo ya usiku ndo namba yako ya ukweli. Wakati uko pale angalia na mita, kama koki zote zimefungwa na kale kagurudumu kadogo kanazunguka basi kuna mahali panavuja na unalipia. Maji lita 1 kwa dakika, ambayo kwenye choo kinachovuja huwezi hata kuyaona vizuri, kwa siku ni lita 1,440, karibu yuniti moja na nusu (yuniti ni lita 1,000) imekwenda chooni.

Geji ikisoma juu una njia mbili. Ya kwanza ni valvu ya kupunguza presha, mafundi tunaiita PRV, inafungwa baada ya mita na baada ya stopkoki (koki kuu ya kufunga maji ya nyumba nzima), upande wako, kabla bomba halijaanza kugawanyika kwenda jikoni na bafuni (kabla ya mita usiguse kitu wala usimruhusu fundi aguse, hiyo ni mali ya mamlaka ya maji). Ndani ina springi na kiwambo cha mpira, maji ya upande wa nyumba yakifika kipimo ulichoweka inajifunga yenyewe, hata yakiwa yamesimama, na hapo ndo inapoishinda geti valvu. Kuna mshale umechongwa kwenye mwili wake, uelekee nyumbani, nimeshakuta imefungwa kinyume na mwenye nyumba analalamika valvu mbovu. Fundi aweke yunioni (kiungio kinachofunguka) pande zote mbili ili siku ya kuitoa asikate bomba, na aweke chujio kabla yake, upande wa mita, maana masika maji yanakuja na mchanga na chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha valvu haifungi tena vizuri, presha inapanda kidogo kidogo usiku mpaka inafika kule kule. Kurekebisha ni ile skrubu ya juu, ukikaza presha inapanda, ukilegeza inashuka, we weka bar 3 huku unaangalia geji, na ukishalegeza fungua koki moja maji yatoke kidogo afu funga ndo usome, la sivyo utasoma presha ya zamani iliyobaki ndani ya bomba.

Njia ya pili unaijua, tenki juu ya mnara. Maji yakishaingia kwenye tenki presha ya barabarani imeishia pale, nyumba inapata ya urefu wa mnara tu, mnara ukiwa mita 5 juu ya koki ni nusu bar, inatosha jikoni na chooni ila shawa itakuwa ya kivivu. Nimependa zaidi PRV kwa nyumba kama yako ambayo maji hayakatiki, lakini kama tenki unalo tayari, kwanza kaangalie mabomba. Nyumba nyingi hapa Moshi tenki lipo juu linang'aa na bado fleksibo zinapasuka, kumbe fundi aliweka njia ya mkato inayotoa maji ya barabarani moja kwa moja mpaka ndani na koki yake imeachwa wazi.

Sasa fleksibo. Bomba lako kama ni PPR (lile la plastiki ngumu la kuchomelea) halina tatizo na bar 7, lile la maji baridi lililoandikwa PN16 limetengenezwa kubeba bar 16, kinachoachia ni vile vitu dhaifu, washa, valvu ya choo, na fleksibo, tena pale kwenye kile kikombe cha bati kilichobanwa mwishoni. Chukua iliyosukwa kwa stenlesi ya kweli yenye nati za shaba ya njano, nzito mkononi, ikianza kutu au waya mmoja ukichomoka itoe usisubiri. Na mpaka hiyo PRV ifungwe, kila mkienda kulala fungeni stopkoki YOTE, sio nusu, afu fungua koki moja ndani presha itoke ndo uifunge. Hiyo inazuia kweli.

Swali: Fundi mambo vipi. Mimi niko Njiro, nilisoma hapa nikaweka PRV, presha imetulia bar 3 safi kabisa, ila sasa hita yangu ya lita 80 ya juu ya dari inadondosha maji kwenye kale kavalvu ka usalama kila tukiiwasha, zamani haikuwa hivyo. Jirani ananiambia nikazibe na plagi. Nizibe? *Kaka wa Njiro, Arusha*

Jibu: Usizibe kaka, tafadhali sana usizibe! Hako kavalvu ndo kanazuia tenki la hita lisipasuke siku themostati ikigoma kuzima, na hita ikipasuka inaondoka na dari na mtu aliyelala chini yake. Jirani mwambie hivyo hivyo.

Maji yakipashwa yanatanuka, lita 80 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinaongezeka zaidi kidogo ya lita 1, na hiyo lita lazima iende mahali. Zamani ilikuwa inarudi nyuma kwenye bomba la barabarani bila we kujua, sasa PRV nyingi zinapitisha upande mmoja tu kwaiyo haina pa kwenda, inatokea kwenye usalama. Kama inadondosha wakati wa kupasha tu afu inaacha, valvu inafanya kazi yake, muombe fundi akuwekee kitenki kidogo cha kutanukia kwenye bomba la maji baridi kati ya PRV na hita, hewa yake ijazwe bar 3 sawa na PRV yako, ijazwe kabla maji hayajaingia. Ila kama inadondosha hata hita ikiwa imezimwa na maji ya baridi, rudi kwenye geji, huenda PRV ina uchafu na presha inapanda usiku. Wenye hita za papo kwa papo za kwenye shawa hii haiwahusu, zile hazitunzi maji.

Swali: Shikamoo fundi. Mi mpangaji Soweto hapa Moshi, tenki letu linafurika kila usiku, asubuhi uani kuna tope na bili tunachangishana wapangaji. Mwenye nyumba kabadilisha boya ila limerudi vile vile. *Dada wa Soweto*

Jibu: Marahaba dada. Kaweka boya la plastiki jepesi nadhani, hayo presha ya usiku inayasukuma wazi, boya linaelea vizuri ila mkono wake hauna nguvu ya kuziba tundu. Aweke valvu ya boya ya shaba iliyoandikwa ya presha kubwa, tundu lake la ndani ni dogo zaidi, ile ya presha ndogo ina tundu kubwa na hapo haiwezi. Na kwenye bomba linalopanda kwenye tenki PRV nayo inafaa. Kumshawishi mwenye nyumba, pigeni picha ya geji ya usiku na picha ya tenki likimwagika mumtumie pamoja na bili za miezi hii, akiona namba hatabishana sana.

Swali: Mashine ya kufulia ikikata maji ukuta unagonga GO! mara moja. Ni hatari? *Sakina, Arusha*

Jibu: Ndio, ukiachia hivyo viungio vinalegea taratibu. Valvu ya mashine inafunga ghafla, maji yaliyokuwa yanakimbia yanajigonga. Shusha presha iwe bar 3, bomba lililolegea ukutani libanwe na klipu, na kama bado linagonga kuna kifaa kidogo cha kuzuia huo mgongano kinafungwa pale pale nyuma ya mashine, kati ya koki na mpira wake.