Nyanya za Januari: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mwenyewe, kisha nikamsomea mama yako. Unauliza kwa nini kila Novemba tunaacha vitalu nyumba vyetu, yale mabanda ya nailoni, bila hita na kuwaachia wateja waende supamaketi, ilhali wapo watu waliovuna nyanya katikati ya Januari humu humu jimbo la Maine, Marekani. Ukaongeza kwamba tukikubali kupasha joto mwaka mzima, utaacha kazi Boston urudi shambani. La kwanza nitalijibu kwa kirefu, maana la pili limo ndani yake.

Baridi watu huiogopa kupita kiasi. Baridi ina dawa, nayo ni gesi. Kinachokosekana huku ni mwanga. Babu yako kule Lushoto, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, alikuwa na mchana wenye urefu wa saa 12 hivi Juni na Desemba vilevile. Kalenda yake ilikuwa mvua. Hapa Lewiston tuko nyuzi 44 kaskazini. Kuelekea Krismasi urefu wa mchana haufiki saa 9, na jua la adhuhuri linapanda nyuzi 22 na ushei tu kutoka upeoni, kisha linaanza kushuka. Toa mawingu. Toa na zile nailoni mbili za kitalu, ambazo kila moja inachukua sehemu yake ya mwanga. Kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba hadi wiki ya kwanza ya Februari mchana unakuwa chini ya saa 10, na mboga karibu zote husimama. Hazifi, ila hazikui.

Sasa ingiza mnyanya humo. Unataka usiku usishuke sana chini ya nyuzi 15 za selsiasi. Nje ni 15 chini ya sifuri, na usiku mbaya hufika hata 25. Joto hutoroka kadiri tofauti ya ndani na nje inavyokuwa kubwa, kwa hiyo hita haipumziki hadi alfajiri. Kukicha, mnyanya uliolala kwenye joto hauna mwanga wa kujitengenezea chakula. Unarefuka, unakonda, maua yanapukutika. Umelipa gesi ili mmea ufe njaa mahali pazuri.

Hao unaowasema ni wa Madison, mji mwingine wa humu Maine. Walijenga vitalu vya kioo vya zaidi ya ekari 40 na taa za umeme juu ya mistari, za kuwaka jua linapokosekana. Ile ilikuwa biashara ya umeme iliyotoa nyanya, na ilikuwa na mtaji wake. Mwaka 2013 inzi weupe waliwaingilia hadi wakalazimika kung'oa mimea yote na kuanza upya. Siwacheki. Nasema tu kwamba banda lisilopoa kamwe halimpi mdudu likizo. Vya kwetu vinapata baridi kali, na hiyo ni dawa ambayo sijawahi kuinunua.

Ndiyo maana mimi joto nalinunua Machi. Mwezi huo mchana unakaribia saa 12 na kuendelea, na kila mtungi wa gesi unageuka majani. Tena napasha chumba kidogo cha miche tu. Nyanya zinaota Machi, zinaingia kitaluni mwanzoni mwa Mei bila hita, wakati shambani barafu ya alfajiri inaweza kuua miche hadi mwishoni mwa mwezi. Tunavuna Julai, wiki kadhaa kabla ya wenye nyanya za nje. Hizo wiki ndizo faida yetu, kwa sababu wote wakishaanza kuvuna Agosti, bei inashuka.

Na usidhani vitalu vimelala baridi nzima. Spinachi tuliyosia Septemba inafika Novemba ikiwa kubwa tayari. Tangu hapo tunaitunza tu, kama ghala. Juu yake tunatandika kile kitambaa chepesi kwenye vyuma, ndani ya nailoni, bila hita. Usiku majani yanaganda na kulegea hata mgeni akadhani yamekufa. Hayaguswi hadi jua liyeyushe, karibu na adhuhuri. Ukiyakata yakiwa yameganda yanageuka uji. Baridi hiyo hiyo inayafanya yajaze sukari, ndiyo kinga yake, na wateja wa spinachi ya Februari hawaulizi bei. Februari jua likirudi, kitalu kizima kinaanza kukua upya kabla theluji ya nje haijaondoka.

Kazi ya theluji unaijua. Mama yako bado anafagia paa kwa ufagio akiwa ndani, mimi nachimba pembeni, maana ile inayoporomoka ikirundikana hubana kuta.

Jambo jingine ambalo huko mjini hulioni: wateja wetu wa Jumamosi sasa ni Wakongo, Warundi, Waangola na Wasomali wengi. Wanataka mchicha, mnavu, majani ya kunde, matembele. Mimea hiyo inapenda joto, na siku ndefu za kiangazi, saa 15 na zaidi, zinaipeleka mbio. Kuna mipaka. Mahindi yetu meupe ya nyumbani hapa yanarefuka kupita paa na kuchelewa kubeba, kwa sababu yanangoja siku zifupike, na zikifupika baridi imeshafika. Choya, yaani rosela, nayo ni hivyo, tunauza majani, maua hatuyaoni. Lakini mchicha wa Julai unaondoka sokoni kabla ya saa nne asubuhi. Pesa iko hapo, mwanangu, si kwenye nyanya za Januari.

Kwa hiyo kazi usiiache kwa ajili ya hita. Ukitaka kurudi, rudi kwa ajili ya kitalu cha tatu cha mchicha na nyanya za mapema. Wizara ya kilimo ya Marekani ina mpango wa kugharamia sehemu ya vitalu vya nailoni, mradi upande kwenye udongo wenyewe. Fomu zake ndefu, na wewe Kiingereza cha ofisi unakiweza kuliko sisi. Bima ya afya uliyonayo kazini iulizie kwanza ungeipata wapi ukiondoka. Shamba halitaweza kukulipia, na hilo nakwambia wazi.

Nailoni ya kitalu cha pili imemaliza miaka yake minne, inapasuka. Njoo Aprili na kaka yako. Kuibadilisha kunataka watu wanne na asubuhi isiyo na upepo, na siku yenyewe nitakupigia usiku wa kuamkia.

Baba yako