Jibu: Mtoa mada hamalizi, ukumbi mzima kimya

Habari mkuu. Umeuliza wasikilizaji wafanye nini, bila kelele wala kumvunjia mtu heshima, pale mtoa mada anaposoma slaidi neno kwa neno na dakika zake 15 zimeshapita. Makongamano ya hivyo nimeyakalia sana hapa Mbeya na Iringa.

Kwanza angalia mwenyekiti wa kikao amekaa wapi. Akiwa safu ya mbele na ameupa ukumbi mgongo, ishara zenu zote ni bure.

Mbinu ninayoipenda ni bingo, mchezo wa kuwinda maneno. Chora karata ya miraba 25, kila mmoja na neno lake: "wadau", "mnyororo wa thamani", "jumuishi", "kujengeana uwezo", "tija". Likitamkwa, weka alama. Ukijaza mstari usishangilie, inua kalamu tu. Wala si utundu wa huku peke yake: mwaka 1996 wahitimu wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waligawiwa karata kama hizo Al Gore, makamu wa rais wa nchi hiyo wakati huo, alipohutubia mahafali yao.

Slaidi ina maandishi madogo kama punje za ulezi? Safu nzima vueni miwani, ifuteni, vaeni tena.

Muda ukizidi, tumieni baridi yetu. Julai kila mtu ana jaketi, kwa hiyo anzeni kupandisha zipu polepole. Kutazama saa hakumshtui mtu siku hizi.

Ila mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha mara ya kwanza mwacheni, haya ni ya wakubwa waliozoea maiki. Na kama aliye mbele ndiye msimamizi wa tasnifu yako, karata ifiche ndani ya ratiba.