Kabla ya televisheni, tulikutana sinema

Swali lenu la wiki hii linauliza watu wa miji midogo walikutana wapi kabla televisheni haijaingia majumbani. Kwetu Moshi, katika miaka ya 1970, jibu lilikuwa sinema. Misikiti, makanisa, soko na viwanja vya mpira vilikuwapo, lakini kila kimoja kilikuwa na watu wake. Sinema iliwakusanya jioni moja, chini ya paa moja, mfanyakazi wa reli, mwenye duka wa Kihindi na familia yake, mwanafunzi wa sekondari, na mkulima aliyeshuka kutoka Kibosho au Marangu baada ya kupokea malipo ya kahawa.

Hatukukaa pamoja, hilo sina budi kulisema. Bei ya tiketi iliwapanga watu: wenye nazo juu ghorofani, sisi chini, na vijana wa bei ya mwisho mbele kabisa, shingo juu muda wote. Hata hivyo mkanda ulipokatika, na ulikatika mara nyingi kwa kuwa ulitufikia ukiwa umekwisha kuzungushwa miji mingine, miluzi ilianza kwa vijana wa mbele ikapanda hadi ghorofani, na kwa dakika hizo ukumbi mzima ulikuwa na kilio kimoja.

Dirisha la tiketi lilikuwa tundu ukutani, la kupitisha mkono tu. Baba, aliyekuwa mtu wa reli, alizipanga sarafu zake pale. Mkono wa ndani ukazikokota, ukarudisha tiketi nne. Mlangoni zilichanwa, na vipande tulivyobakiwa navyo tulivitunza kwenye kiberiti kitupu kama mali.

Kwangu mimi, mkutano hasa ulikuwa wakati wa mapumziko. Taa zikiwashwa, watu waligeuka kutazamana: nani amekuja na nani, nani ameshona nguo mpya, nani hajaonekana tangu mwezi uliopita na kwa nini. Huku karanga za kwenye karatasi ya gazeti zikipita mkono kwa mkono, watu walipeana habari za misiba na za harusi, na wadeni waliahidiana siku. Tukirudi nyumbani, Mama, ambaye mara nyingi alibaki na mdogo wetu mchanga, alitaka asimuliwe yote, stelingi alivyopigwa na alivyolipiza, na majirani nao wakasogea kusikiliza. Nyimbo za Raj Kapoor, mwigizaji wa filamu za Kihindi, tuliziimba uani bila kujua maana ya neno hata moja.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa adimu, na picha mpya za sinema kutoka nje zikaadimika. Kisha ikaja video, iliyoingia kwanza kwenye sebule za wenye uwezo. Kwa hiyo wa ghorofani ndio waliotangulia kuondoka. Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ukumbi wetu ulikuwa umekwisha kukosa watu.

Baba alipofariki, alikuja mzee mmoja nisiyemfahamu, akakaa kimya kwenye mkeka hadi jioni. Nilipomshukuru na kumuuliza walifahamiana wapi, alisema hakuwahi kulijua hata jina la Baba. Alikuwa akikaa nyuma yetu sinema, na alimjua kama yule mtu wa reli mwenye watoto watatu.