Viwanja vinauzwa kila siku, madarasa yatatoka wapi? Jibu kwa mdau aliyeuliza kuhusu shule za pembezoni mwa Dar

Wakuu salama. Kuna mdau ameuliza kwamba kanunua kiwanja pembezoni mwa Dar kwa hawa wanaopima mashamba na kuuza viwanja kwa awamu, kaanza ujenzi, ana watoto wawili wa kuanza shule, na alipoenda kuiona shule ya serikali iliyo jirani kakuta darasa moja limejaza watoto zaidi ya 150. Anauliza kwa nini shule zisijengwe kabla watu hawajahamia, na yeye kama mzazi ashike wapi. Nimekaa kamati ya shule huku kwetu na baadae kamati ya urasimishaji ya mtaa (kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango), hili jambo linaniuma kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mwongozo unasema darasa la msingi liwe na wanafunzi 45. Mkienda kwenye shule hizi za huku mtakuta dawati la watoto watatu wamekaa watano na wale wa pembeni wanaandikia mapajani. Mwalimu wa darasa la kwanza akiamua kuita majina kipindi kinaisha hajafika mwisho, ndo maana wengi wameshaacha, wanahesabu vichwa kwa safu basi. Shule inaenda zamu mbili, wa mchana wanaingia jua la saa sita likiwa limeshawachosha njiani, na wa asubuhi lazima watolewe haraka ili wenzao wapate pa kukaa. Vyoo nako kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ila kengele ya mapumziko ikigongwa kurudi darasani unakuta watoto wadogo bado wako foleni, wengine wanajikojolea. Mi siwezi kuona hilo nikasema ni hali ya kawaida ya mji kukua.

Sasa wengi wakiulizwa chanzo watasema ni elimu bila ada. Ni kweli ule waraka wa serikali wa elimu bila ada, namba 5 wa 2015, ulipoanza kazi Januari 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi mno, na ni jambo jema, walikuwepo majumbani siku zote hawakudondoka kutoka mbinguni. Lakini waraka ni wa nchi nzima, kwa nini basi shule za katikati ya mji zina nafuu na za huku ndo zimefurika? Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 sensa ya 2012, sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.38, yaani zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi na sehemu kubwa yao haikwenda Upanga wala Kariakoo, walikwenda kwenye mashamba ya mikorosho na mihogo kama huku kwetu, vijana wenye ndoa changa na watoto wadogo, maana ndo wanaotafuta kiwanja cha bei nafuu. Kwa hiyo mtaa mpya unakuja na watoto wengi wa umri mmoja kwa mpigo. Ukienda mitaa ya zamani unakuta wenye nyumba wameshazeeka, watoto wao wameoa, vyumba vya mbele vimegeuzwa fremu za biashara.

Na usifikiri hatujui kupanga. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 70 kwa mradi wa viwanja na huduma, serikali na Benki ya Dunia, wakachora barabara, wakaweka viwanja vya watu na wakaacha nafasi za shule, zahanati na soko kabla nyumba hazijaota. Hata ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, wa Kibada, Buyuni, Mwanagati, Toangoma, Mbweni na kwingine, michoro yake ilitenga maeneo ya huduma. Kilichotokea kwingineko kote ni kwamba mji ulitangulia na mchoro ukafuata nyuma.

Nieleze hapo vizuri kwa sababu ndo kiini. Uhaba wa madarasa unaanzia siku shamba linakatwa. Mzee ana heka zake tano, anamega mita 20 kwa 20, mnaandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, ukimaliza unamwaga tofali. Kila mtu kanunua kiwanja cha nyumba, hakuna aliyenunua kiwanja cha shule, na mzee hana sababu ya kuacha heka mbili za bure. Miaka kumi baadae unakuja urasimishaji. Tulipokaa kwenye kamati tuliweza kuwaomba watu warudishe ukuta nyuma mita moja au mbili barabara ipite, wengine walikubali kwa roho safi wengine tuligombana, lakini shule haipatikani kwa kurudisha ukuta. Inataka eneo zima, na eneo zima lilishakuwa na nyumba za watu. Ikibaki hivo njia ni fidia, ulipe ardhi, ulipe maendelezo yaliyopo juu yake kama nyumba na mazao, ulipe na posho za usumbufu, na huku kwetu heka moja ilishafika bei ya madarasa kadhaa. Yale madarasa ya fedha za UVIKO ya 2021 kila moja lilitengewa milioni 20. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtaa ambao ungeacha heka tatu wakati bado ni shamba ungekuwa umeokoa hela kiasi gani.

Ndo maana sahivi shule nyingi zinaongezewa madarasa kwenye kiwanja kilekile mpaka uwanja wa mpira unaisha, watoto 3,000 hawana pa kukimbia. Mi naunga mkono ghorofa zinazojengwa kwenye baadhi ya shule za Dar, ni sahihi kabisa kwa mji kama huu, ila ghorofa haimpunguzii mtoto umbali. Mtoto anayetembea kilomita nne kuifuata shule bado anazitembea, au mzazi anaamua kumpeleka shule ya mjini, mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anagombania daladala kwa nauli ya mwanafunzi ya 200 na makonda wengine hawamtaki kwa sababu ya hiyohiyo 200. Unakuta gari asubuhi limejaa sare za msingi linatoka pembezoni kwenda mjini wakati madarasa yangetakiwa yawafuate wao.

Kuna tukio moja nilishuhudia kwa karibu. Mtaa wetu una kipande ambacho mchoro wa mipango miji ulishakitenga kwa shule ya msingi. Hakikuwa na uzio wala kibao. Siku moja tunakuta tofali za msingi zimepangwa na fundi anachimba. Tukamuuliza, akasema bosi wake kanunua, na kweli alikuwa na karatasi yenye saini. Tulichofanya ni kwenda na wazazi kadhaa ofisi ya ardhi tukaomba kuonyeshwa ule mchoro, tukaandika namba yake na namba ya kitalu, mwenyekiti wa mtaa akaandika barua ya kusimamisha ujenzi, diwani akaipeleka kwenye vikao. Ilichukua muda na kulikuwa na vitisho, lakini fundi alisimama kwa sababu tulikuwa na namba ya mchoro mkononi. Baada ya pale wazazi walichanga kwa hiari tukaweka nguzo na kibao, na tukaotesha miti mpakani. Leo pale kuna shule shikizi, awali mpaka darasa la tatu, iko chini ya shule mama, na watoto wadogo hawavuki tena barabara kubwa. Ningekuwa na uwezo ningeweka kibao kwenye kila kiwanja cha umma nchi hii.

Upande wa pili ni kalenda, hapa wazazi wengi wanapotea. Watoto wanaandikishwa kati ya Oktoba na Desemba, Januari wanaingia. Halmashauri nayo inapitisha bajeti yake kwenye Januari au Februari, inapanda mkoani, TAMISEMI (wizara inayosimamia serikali za mitaa), Bunge, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Maana yake ukipiga kelele Januari hii kwamba darasa limejaa, hata kama ombi lako limekubaliwa palepale hela haiji kabla ya Julai na darasa ukiwahi sana ni Januari ijayo, na wakati huo umeshaingia mkondo mwingine wa watoto. Tukikaa tunasubiri idadi ya uandikishaji tutakuwa nyuma mwaka mmoja siku zote.

Lakini mtoto hafichiki jamani. Anaanza awali na miaka mitano, la kwanza na sita. Zahanati ya kata ina rejesta ya chanjo, mtoto anachomwa surua ana miezi tisa, kwa hiyo ukichukua waliochanjwa mwaka huu unajua takribani wangapi watabisha hodi shuleni miaka minne na kitu ijayo. Ongeza na wanaohamia. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wapangaji na wajenzi, na maombi ya kuunganishiwa umeme yanaonyesha wapi nyumba zinaanza kukaliwa. Sisi tulimwomba mwalimu mkuu akae na mganga wa zahanati na watendaji wa mitaa, wakatoa karatasi moja tu yenye idadi ya watoto kwa umri na kwa mtaa, tukaipeleka kamati ya maendeleo ya kata mapema kabla vikao vya bajeti havijaanza. Kabla ya hapo tulikuwa tunapeleka malalamiko, ile karatasi ilisikilizwa tofauti kabisa. Ruzuku ya uendeshaji ya 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haijengi ukuta hata mmoja, kwa hiyo msiishie kuisubiri hiyo. Ila wananchi wakijenga boma, yaani kuta bila paa, mpaka usawa wa lenta serikali imekuwa ikileta hela ya kumalizia, milioni 12.5 kwa darasa, na huo ni mlango wa kweli mkipitia kata na mkiacha kumlazimisha mzazi asiye na kitu.

Mdau mmoja hapo juu kataja Marekani kwamba huko mjenzi haruhusiwi kujenga nyumba mpya pale shule za eneo zikijaa. Ni kweli kwa baadhi ya sehemu. Kaunti ya Montgomery kule Maryland kwa miaka mingi walikuwa na kipimo cha kila mwaka, eneo ambalo shule zake zimevuka asilimia 120 ya nafasi, idhini za miradi mipya ya nyumba zinasimama, halafu 2020 wakaacha kusimamisha wakaweka malipo ya ziada kwa mjenzi, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanatoka kwenye nyumba za zamani zilizobadilisha wakazi na kusimamisha ujenzi kulikuwa kunaongeza uhaba wa nyumba. Kwetu kusimamisha vibali hakusaidii kitu, nyumba nyingi zinajengwa mojamoja bila kibali, utamsimamisha nani? Lakini hawa wa kupima na kuuza viwanja ni tofauti. Huyu ananunua heka 50 au 100 kwa mkupuo, anapeleka mchoro uidhinishwe, anaweka mabango mpaka stendi. Huyo anashikika. Msimamo wangu ni kwamba mchoro usipite bila eneo la shule linaloendana na idadi ya viwanja, na eneo hilo lihamishiwe jina la halmashauri kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Wengi wanachora "shule" kwenye kipeperushi, ukiuliza ni ya nani unaambiwa ni eneo la mwekezaji wa shule binafsi, ada yake wewe mwenye kiwanja cha kulipa kwa awamu huiwezi.

Na kuna kitu kinakuja ambacho naona watu hawakisemi vya kutosha. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024 msingi inaishia darasa la sita. Waliokuwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Wote hao wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Mitaa kama yetu yenye sekondari moja ya kata, na wengine hawana kabisa, itapokea mikondo miwili kwa mara moja, na hao watoto wanajulikana kwa majina tayari, wako kwenye rejesta za shule. Kamati za shule za msingi na bodi za sekondari ya kata zikae pamoja, zihesabu, na ombi liende kwenye bajeti inayowahi kabla ya hapo.

Kwa hiyo mdau, kwa upande wako. Muombe aliyekuuzia namba ya mchoro wa mipango miji, nenda nayo ofisi ya ardhi ya halmashauri uangalie kitalu chako, eneo la shule liko wapi na limeandikwa matumizi gani, kama limeandikwa shule uliza hati iko kwa jina la nani. Ukiona kibao cha maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi kimesimikwa hapo, hicho kibao kimewekwa ili wananchi mpinge, andikeni barua wengi na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Kamwandikishe mtoto mapema na cheti chake cha kuzaliwa hata kama shule imejaa, maana mtoto asiyeandikishwa hayupo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Halafu uchaguzi wa kamati ya shule ukitangazwa gombea. Ukishapata ile namba ya mchoro niandikie inbox, nitakuelekeza barua ya kwanza inaandikwaje na inapita kwa nani.